Brashi ifike ngozini: ninavyomchana mbwa wangu nyumbani

Mimi ni fundi cherehani, niko Moshono, Arusha, na ninafuga mbwa wawili. Pamba ni mweupe, mdogo kiasi, aina ya Japanese Spitz. Niliachiwa na mteja aliyehama mji. Chui ni mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi na michirizi ubavuni. Mtu anayeshona nguo za watu hawezi kuyadharau manyoya ya mbwa. Unyoya mmoja mweupe ukikaa kwenye suti nyeusi unaonekana tangu mlangoni, na ukiingia chini ya bamba la cherehani unajisokota kwenye meno pamoja na vumbi la nyuzi, mpaka mashine inaanza kuruka mishono. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza nilimchana Pamba karibu kila siku. Nilitumia brashi ya plastiki ya nywele, ile yenye vichwa vya mviringo, nikaipitisha mgongoni na ubavuni, naye akawa anang'aa. Wateja walimsifu.

Mwezi wa tano, masika yakielekea kwisha, alianza kujikuna kwapani usiku na kulia kidogo kila nikimbeba. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari hakusema mengi. Alishika kidole changu, akakipenyeza nyuma ya sikio la Pamba, kisha kwapani. "Gusa mwenyewe, mama." Juu yalikuwa manyoya niliyoyachana asubuhi ile ile. Chini yake kidole kikagonga kitu kigumu, kama blanketi la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto likarudi. Halikuwa fundo moja. Lilikuwa bamba zima lililoshikana na ngozi, na kila akipiga hatua lilikuwa linamvuta. Ilibidi anyolewe makwapa yote mawili, nyuma ya masikio na nyuma ya mapaja. Kwenye kwapa la kushoto ngozi ilikuwa nyekundu, mbichi, inanuka, na mahali pamoja imechanika. Aliumia wiki nyingi, na wiki zote hizo nilikuwa namchana.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja: brashi isiyofika ngozini haijamchana mbwa. Hatua zote ninazoeleza hapa chini zinatokana na hilo.

Kwanza tuelewane kuhusu kupukutika. Hakuna brashi, shampuu wala chakula kitakachomzuia mbwa mzima wa afya kupukutisha manyoya. Kila unyoya unakua, unapumzika, kisha unaanguka ili mwingine uote. Unachoweza kuamua wewe ni mahali pa kuangukia: kwenye brashi, au kwenye kochi na nguo. Mbwa kama Pamba, na kama German Shepherd wanaolinda nyumba nyingi hapa mjini, wana matabaka mawili ya manyoya. Ya juu ni marefu na magumu kidogo, yanazuia maji na tope. Ya chini ni mafupi, laini, yamesongamana kama pamba ya kujazia mto, na ndiyo yanayopukutika kwa wingi. Sasa unyoya wa chini ukifa, mara nyingi hautoki wenyewe. Unanaswa na ya juu, unajizungusha kwenye yaliyo hai, unapata unyevu, vumbi na msuguano wa mguu unaotembea, na hapo fundo linazaliwa. Ndiyo maana kwangu kupukutika na kufunga rasta ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Yote mawili ni manyoya yaliyokufa ambayo hakuna aliyeyatoa.

Nchi za baridi mbwa hupukutisha kwa misimu, kwa sababu urefu wa mchana unabadilika sana kati ya kiangazi na majira ya baridi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana na usiku unakaribiana mwaka mzima, kwa hiyo Pamba anapukutisha kidogo kidogo miezi yote kumi na miwili. Usisubiri msimu. Jike aliyezaa ni jambo jingine: wiki kadhaa baada ya kuzaa anaweza kupukutisha mpaka ukaogopa, kisha yakarudi.

Wapo pia wenye tabaka moja la manyoya yanayoendelea kurefuka kama nywele zetu, mfano Maltese na Poodle. Wanaowauza huwaambia watu kwamba hawa hawapukutishi. Ni kweli sakafuni huoni mengi, lakini yaliyokufa yanabaki mwilini, na hao ndio wanaofunga rasta haraka kuliko wote. Mbwa wa namna hiyo anachanwa kila siku na kupunguzwa manyoya kila baada ya wiki chache. Anayetafuta mbwa asiye na kazi asimchukue huyo.

Vifaa ni vichache. Cha kwanza ni brashi ya waya: ina mto wa raba, na juu yake vijisindano vingi vyembamba vya chuma vilivyopinda karibu na ncha. Cha pili ni chanuo la chuma, upande mmoja meno mapana, upande mwingine meno yaliyokaribiana. Kwa mbwa mkubwa wa matabaka mawili ongeza reki ndogo ya manyoya, yenye safu moja ya meno marefu butu, inayozama hadi tabaka la chini. Kwa mwenye manyoya mafupi, glavu ya raba yenye vinundu inatosha. Uliza kwenye maduka ya dawa za mifugo. Brashi yangu ya waya niliiokota mitumbani, soko la Kilombero hapa Arusha, katikati ya lundo la vyombo vya jikoni, na bado ninayo.

Kabla hujampitishia mbwa, ipitishe kwenye mkono wako mwenyewe, upande wa ndani, pale ngozi ni laini. Bonyeza kama utakavyombonyeza yeye. Ikiacha mistari myekundu, ama sindano zina ncha mbaya au mkono wako mzito. Mbwa akichunwa kila jioni mahali pale pale anapata kidonda cha brashi, na hatakaa tena kwa hiari. Kuna kifaa kingine chenye meno mafupi kama kisu. Ukikiburuza mara tatu kinatoa mlima wa manyoya, na mlima huo ndio unaowavutia wanunuzi. Ukikibonyeza au ukikirudiarudia mahali pamoja, kinakata pia manyoya mazima ya juu. Mimi nimekiacha.

Chupa ya kunyunyizia maji ninayotumia kupigia pasi ndiyo ninayotumia kwa Pamba. Manyoya makavu kabisa yanakatika, hasa kiangazi na vumbi letu hili. Nyunyiza ukungu tu, yapate unyevu kidogo, yasilowe. Kulowanisha ni kosa, nitaeleza nikifika kwenye kuogesha.

Mahali pa kuchania panahitaji mambo mawili: mbwa asiteleze, na upepo usipeleke manyoya kwa watu. Nina meza ya zamani chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, juu yake nimetandika gunia. Mbwa anayeteleza hatulii hata umpende vipi. Kuhusu upepo, jirani yangu ni Mwislamu, na kamba yake ya nguo iko mita chache kutoka kwenye uzio. Unyoya wa mbwa kwenye nguo yake ya kuswalia ni taabu kubwa kwake, afue upya. Kwa hiyo naita kwanza: "Dada, umeanika?" Akijibu, "Nimeanika, nisubiri nianue," nasubiri. Hatujawahi kugombana kwa ajili ya mbwa, na tumekaa uzio mmoja miaka tisa.

Muda wangu ni saa kumi na moja jioni, mbwa ameshatembea na ameshajisaidia, bado hajala. Mfukoni nina dagaa wakavu, wasio na chumvi wala viungo. Mbwa ambaye hajawahi kuchanwa usianze kumchana siku ya kwanza. Mwache anuse brashi, mpe dagaa. Siku ya pili mpitishie mara mbili begani, mpe dagaa, acha. Siku ya tatu ongeza. Koma kabla hajachoka, hata kama umefanya mguu mmoja tu, ili kesho aje mwenyewe. Akinguruma, acha kuchana pale pale, usiendelee wala usimpige. Amekwambia kwamba panauma au anaogopa, na mbwa anayepigwa kwa kunguruma anajifunza kuuma bila kunguruma. Usimchane mbwa ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa. Ukiumwa, hata jeraha dogo, hata na mbwa wako mwenyewe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe, na inaanza bila brashi. Mvue kola. Ingiza vidole vyote kumi kwenye manyoya mpaka viguse ngozi, kisha tembea navyo polepole kuanzia shingoni hadi mkiani, kwapani, kinenani, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Unatafuta fundo, kidonda, uvimbe, na kupe. Kupe wanapenda sehemu zile zile zinazofunga rasta: ndani ya sikio, kwapani, chini ya kola, kati ya vidole. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja polepole bila kumzungusha, mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Usimpake mbwa mafuta ya taa, yanaunguza ngozi. Na kama kupe ni wengi, dawa inatolewa kulingana na uzito wa mbwa, kwa hiyo muulize daktari. Usikisie kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Viroboto nawapima kwa kitambaa. Nikiona chembe nyeusi kama pilipili manga kwenye ngozi, nazipangusa kwa kipande cheupe cha pamba kilichobaki kwenye ukataji, nimekilowesha maji. Zikiacha doa jekundu la kahawia, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Zisipoacha rangi, ni uchafu tu.

Kuchana kwenyewe kunakwenda kwa mistari. Umewahi kumgawa mtu nywele kabla ya kusuka? Ni vile vile. Anza chini, kwenye mguu wa nyuma, wala si mgongoni. Kwa kiganja cha kushoto inua manyoya yote kuelekea juu na uyashikilie, mpaka uone mstari mweupe wa ngozi. Pale kwenye mstari, shusha safu nyembamba ya manyoya, upana wa kidole kimoja, na uichane kwa mkono wa kulia kuanzia kwenye ngozi kwenda nje. Mapigo yawe mafupi, kifundo cha mkono kimelegea, brashi inatua na kuondoka kama unavyopangusa chaki, haiparuzi. Safu ikiachia, shusha nyingine juu yake. Ndivyo unavyopanda, mstari kwa mstari, hadi unafika mgongoni.

Sikiliza. Manyoya yaliyo wazi yanatoa sauti nyepesi kama kitambaa cha hariri kinapopita juu ya meza. Yakikwama unasikia mkwaruzo mfupi, na kama mkono umelegea utauhisi mapema kuliko utakavyousikia. Hapo simama. Ukisukuma, umemvuta ngozi. Angalia pia kinachobaki kwenye sindano: safu ya kwanza ya mguu wa Pamba inatoa usufi mwepesi wa kijivu, kwa sababu ya vumbi, na kadiri unavyopanda unakuwa mweupe. Usufi ule ndio uliokuwa unaelekea kuwa fundo wiki ijayo.

Ukimaliza sehemu moja kwa brashi, pitisha chanuo. Anza na meno mapana, kisha yaliyokaribiana, tena kutoka ngozini hadi nchani. Chanuo ndilo linalokagua kazi. Brashi inaweza kuteleza juu ya fundo ukadhani umemaliza, mimi ni shahidi, lakini chanuo litagonga. Likipita bila kusimama, sehemu hiyo imekwisha.

Utaratibu wangu ni miguu ya nyuma, mapaja, ubavu, mgongo, kifua, shingo, miguu ya mbele, tumbo, mkia, na kichwa mwisho. Tumboni mbwa wote wana chuchu, dume na jike, kwa hiyo zifunike kwa vidole vya kushoto unapopita karibu nazo. Mkia ushike kwenye shina lake, uchane kwenda pembeni, mafungu madogo madogo. Huku usoni natumia chanuo peke yake. Si lazima vyote viishe siku moja. Siku yenye nguo nyingi za kushona namaliza nusu ya nyuma, kesho yake nusu ya mbele. Dakika 15 kila jioni ni bora kuliko saa mbili za vita Jumapili. German Shepherd kwa reki na brashi mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, ila mapaja na nyuma ya masikio mguse kila siku.

Mafundo yana makao yake, na ukiyajua hutahangaika: nyuma ya masikio, chini ya kola, makwapani, kinenani, nyuma ya mapaja, chini ya shina la mkia, na kati ya pedi za miguu. Ni sehemu zote zinazosuguana au kulowa. Huku kwetu ongeza kishona nguo, lile jani la shambani lenye mbegu nyembamba nyeusi zenye vimiba viwili vitatu kichwani. Pamba akipita kwenye mahindi ya jirani baada ya mvua anarudi ameshonwa kweli. Kila mbegu inakusanya manyoya kuizunguka, na kesho yake ni fundo. Zitoe kwa vidole siku hiyo hiyo, moja moja, kabla ya kulala, na kabla ya brashi, maana brashi inazisokota ndani zaidi.

Ukikuta fundo, usivute. Mshono uliokosewa haufumuliwi kwa nguvu, unachana kitambaa. Kwanza bana manyoya kati ya fundo na ngozi kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, ukaze, ili kila mvuto uishie kwenye vidole vyako na ngozi isiusikie. Nyunyizia wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuzidishia uzito wa mchuzi, wala si unga wa ugali. Usugue taratibu ndani ya fundo. Wanga unakausha mafuta na unyevu, na manyoya yanaanza kutelezana. Kisha ligawe fundo kwa vidole: lipasue kwa urefu, kufuata manyoya yanavyoelekea, liwe mafundo mawili, kisha manne. Baada ya hapo chukua chanuo, tumia jino moja au mawili ya pembeni, na uanze kwenye ncha ya nje kabisa. Toa manyoya machache, yakiachia, sogea ndani kidogo. Nje kwenda ndani, kila mara. Anayeanzia ngozini anakaza fundo lote.

Fundo la ukubwa wa haragwe linanichukua dakika tano. La ukubwa wa kisoda, kumi na tano, na katikati nampumzisha na kumpa dagaa. La ukubwa wa kiganja silianzi. Huwezi kulifumua bila kumtesa, na mbwa atakumbuka mateso kuliko dagaa wote uliompa. Hilo linanyolewa.

Na mkasi? Mkono wa fundi cherehani unakimbilia mkasi kabla akili haijafika, kwa hiyo nimejikataza kabisa kupanda nao kwenye meza ile. Ngozi ya mbwa imelegea, na fundo linaivuta juu kama hema. Wewe unaona manyoya tu, kumbe ndani ya fundo kuna kunjo la ngozi, na mkasi unapita juu yake kama juu ya kitambaa. Daktari aliniambia majeraha ya namna hiyo huletwa kwake mara nyingi, na ya nyumbani yanapatikana zaidi kwapani na nyuma ya sikio, ambako ngozi ni nyembamba. Kama ni lazima ukate, penyeza chanuo kati ya fundo na ngozi, meno yalale juu ya ngozi, ukate juu ya chanuo upande wa nje. Chanuo lisipopenya, maana yake hakuna nafasi, na mkasi hauna ruhusa. Mpeleke kwa mtu aliyefundishwa kutumia mashine ya kunyolea.

Kuogesha kunakuja baada ya kuchana, si kabla. Watu wengi wanaona mbwa amechafuka na amefunga mafundo, wanakimbilia maji wakidhani sabuni italegeza. Maji yanakaza. Fundo lililolowa likakauka linakuwa kama sufu iliyopigwa, na sabuni iliyobaki ndani yake inawasha ngozi. Chana hadi chanuo lipite, ndipo uogeshe. Tumia shampuu ya mbwa, maana ngozi yake haina asidi kama yetu, na sabuni ya unga au ya vyombo inaikausha. Paka shampuu kufuata manyoya yanavyolala, usifikiche kwa mduara kama unafua soksi. Suuza hadi maji yatoke safi bila povu, kisha suuza tena. Taulo libonyeze, usisugue. Halafu mkaushe hadi ngozini ukimchana, hasa mwenye matabaka mawili: juu panaweza kuwa pakavu saa moja baadaye na chini pakabaki na unyevu hadi asubuhi, na unyevu huo ndio unaoleta harufu na vidonda. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Arusha ikiwa kali, namuogesha saa sita mchana au naacha. Mara moja kwa mwezi kwangu inatosha.

Chui hana maneno mengi. Mara moja kwa wiki, glavu ya raba, kwanza kwa mduara kulegeza, kisha kufuata manyoya, halafu kitambaa chenye unyevu kumpangusa. Dakika tano. Ila msidharau manyoya mafupi. Yale marefu ya Pamba unaweza kuyaokota kwa vidole kwenye nguo. Ya Chui yanajichoma kwenye sufu kama pini.

Januari na Februari joto likipanda, lazima atokee mtu wa kuniambia, "Fundi, mnyoe huyo mbwa apate hewa." Nawaambia hapana. Kwa mwenye matabaka mawili, manyoya ya juu yanamkinga jua, na yakinyolewa hadi chini yanaweza kurudi vibaya. Kwapa la kushoto la Pamba lilichukua miezi saba, na mpaka leo limeota usufi mwingi na manyoya machache ya juu, na ndipo panapofunga haraka kuliko popote. Kinachompa hewa ni kutoa tabaka lililokufa kwa reki na brashi, kivuli, na maji safi ya kunywa.

Chakula kina sehemu yake. Unyoya umejengwa kwa protini, na mbwa anayelishwa ugali mtupu anakuwa na manyoya makavu yanayokatika. Mwaka fulani dagaa walipanda bei, nikapunguza nusu. Baada ya miezi miwili brashi ilijaa vipande vifupi vilivyokatika badala ya manyoya mazima. Niliporudisha dagaa, vikaisha.

Kuna mambo ambayo brashi haitibu. Ukiona upara wa mduara, huenda ni mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, na yanaambukiza watoto. Kujikuna usiku kucha, vipele, ukurutu masikioni, ngozi yenye harufu, au manyoya kupungua sawasawa pande zote mbili za mwili: weka brashi chini, nenda kwa daktari wa mifugo. Na brashi iliyotumika kwa mbwa mwenye upele isimguse mwingine.

Nikimaliza, natoa manyoya kwenye sindano kwa kulitumbukiza chanuo chini yake na kuyainua kama mkeka. Nayatia kwenye mfuko wa karatasi, nayafukia chini ya mparachichi, yasirushwe na upepo. Brashi naiosha kwa maji ya sabuni mara moja kwa wiki, naianika sindano zikitazama chini, mto usioze. Nabadilisha kanga kabla ya kuingia chumba cha kushonea. Kila Jumamosi nafungua bamba la cherehani, nasafisha meno, naweka tone la mafuta. Jumamosi iliyopita nilitoa kifurushi cha vumbi la nyuzi, la kijivu na la bluu, la sare za shule. Nilikipekua kwa sindano chini ya taa. Kulikuwa na unyoya mmoja mweupe, na mfupi mmoja wa Chui.